Upele na utitiri unaotoka kwa mbwa, mifugo na kuku: maswali tunayoulizwa sana Dodoma

Maswali haya yameulizwa na watu wa Chamwino, Bahi, Kongwa na mitaa mipya ya Jiji la Dodoma, wengi wakikunja mkono wa shati na kuonyesha panapowasha kabla salamu hazijaisha. Mimi ni mtu wa mifugo. Upande wa binadamu nimeujua kwa kukaa mara nyingi na waganga wa zahanati, maana ugonjwa huu hauishii kwenye boma la mbuzi. Jambo moja nimeliona likijirudia kijiji kwa kijiji: mtu akitibiwa na mnyama wake akaachwa, muwasho unarudi, na mnyama akisingiziwa wakati watu ndio wanaoambukizana wenyewe kwa wenyewe, nyumba nzima inakesha ikijikuna miezi na miezi. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, tafuta kwanza mdudu ametoka wapi.

Mbwa wangu ananyonyoka manyoya, na mimi nimeanza kuwashwa. Ameniambukiza?

Inawezekana sana. Mbwa mwenye ukurutu, yaani upele wa wanyama, huanza kunyonyoka kwenye kingo za masikio, viwiko, tumboni na kifuani, ngozi inakuwa nzito yenye magamba ya kijivu, na anajikuna mpaka anaacha kula. Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya mwenyewe kama mbwa ni mpole: vaa mfuko wa nailoni mkononi, shika ncha ya sikio lake, likunje na ulisugue taratibu kwa vidole viwili. Mbwa mwenye ukurutu mara nyingi ataanza kuurusha mguu wa nyuma hewani, kama anajikuna, ingawa hakuna anachokigusa. Hicho si kipimo cha maabara, lakini nimekitumia mara nyingi na kimenielekeza vizuri.

Mdudu wa mbwa akihamia kwako anaingia juujuu ya ngozi, anauma, anakuletea vipele vyekundu, lakini hawezi kuzaliana na kuendeleza kizazi kwenye ngozi ya binadamu. Atakufa. Shida ni kwamba kila jioni unapomshika mbwa unapokea wadudu wapya, na hapo ndipo watu wanaposema "nimepaka kila dawa na haikusaidia". Dawa ilifanya kazi yake. Mbwa ndiye hakuguswa.

Siku hizi swali hili linatoka sana Nala, Ihumwa, Nzuguni na Iyumbu, kwenye nyumba ambazo hazijaisha kujengwa, ambako mlinzi analala kibandani na mbwa wawili kwa ajili ya joto na usalama. Mlinzi anawashwa, anahama kazi, anakuja mwingine, naye anawashwa.

Mdudu mwenyewe ni nani?

Anaitwa Sarcoptes scabiei. Si mbu wala kiroboto. Ana miguu minane akikomaa, hivyo ni ndugu wa kupe na buibui, kwenye lile kundi la wadudu wadogo tunaowaita utitiri. Jike lina urefu wa kama milimita 0.3 hadi 0.4, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta kwa macho. Mwenye macho makali sana labda ataona nukta nyeupe.

Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga humo mayai 2 hadi 3 kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, watoto wanapanda juu ya ngozi, na baada ya kama wiki 2 wamekuwa wakubwa nao wanatafuta pa kuchimba. Muwasho hautokani tu na kuchimba huko. Mwili unakataa mate, mayai na kinyesi cha mdudu, na ndiyo maana mtu mwenye wadudu 10 au 15 tu mwili mzima anaweza kukosa usingizi kabisa.

Mdudu wa mtu, wa mbwa, wa mbuzi na wa nguruwe wote wanabeba jina hilohilo moja, ila kila mmoja amezoea ngozi ya mwenyeji wake.

Nitajuaje kama upele wangu umetoka kwa mnyama au kwa mtu mwenzangu?

Hili ndilo swali ninaloomba kila mtu alisome mpaka mwisho, kwa sababu tiba yote inategemea jibu lake.

Angalia kwanza mahali. Upele uliotoka kwa mnyama hukaa pale mnyama alipogusa: mikono kwa ndani, kifua na tumbo kwa mtu anayebeba ndama wa mbuzi, mapaja kwa mtoto anayempakata mbwa, mabega kwa anayebeba mnyama kwenda mnadani. Upele wa binadamu una sehemu zake unazozipenda: katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni, kuzunguka kitovu, matako, sehemu za siri za mwanamume, kuzunguka chuchu za mwanamke. Kwa mtoto mchanga unafika hata nyayo, viganja na kichwa.

Kisha angalia mistari. Chukua tochi ya simu, mulika kwa pembeni katikati ya vidole. Ukiona kistari chembamba kilichopinda, kirefu kama punje ya uwele au kidogo zaidi, hiyo ni njia ya jike la binadamu. Kwenye upele wa mnyama mistari hiyo kwa kawaida haipo. Kuna vipele vyekundu tu.

Halafu angalia muda. Wa mnyama unawasha upesi, ndani ya siku moja hadi nne baada ya kumgusa. Wa binadamu, kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, unaweza kujificha wiki 4 hadi 6 bila dalili, naye anaambukiza wenzake muda wote huo. Akiupata mara ya pili, mwili unakumbuka na muwasho unakuja ndani ya siku chache.

Mwisho, hesabu watu. Kama wanaowashwa ni wale tu wanaoshughulika na mnyama, mshuku mnyama. Kama anawashwa baba, mama, mtoto anayesoma bweni na shangazi aliyekuja kulala Pasaka, na zaidi usiku, huo ni upele wa watu, hata kama kuna mbwa uani.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka minne aliwashwa tumboni na mapajani. Alitibiwa kama mwenye mzio mara mbili, akabadilishiwa sabuni, akakatazwa mayai. Mimi, ambaye kila siku nawaambia watu waangalie mifugo yao, sikumwangalia mbwa wetu mdogo aliyekuwa akilala kwenye gunia mlangoni na mtoto akimfanya mto. Siku nilipomgeuza yule mbwa juani nikaona kingo za masikio zimekauka kama ganda la mkate. Tulimtibu mbwa, tukachoma gunia, na ndani ya wiki mbili hivi ngozi ya mtoto ilikuwa safi bila dawa nyingine.

Mbuzi wangu wanajikuna ukutani mpaka ngozi inapasuka. Ni ugonjwa huohuo?

Mara nyingi ndiyo. Kwa mbuzi unaanzia puani, midomoni, kuzunguka macho na masikio, kisha unashuka kwenye kwapa, ndani ya mapaja na kiwele. Ngozi inakunjamana, inakuwa nene kama gome la mbuyu, inapasuka na kutoa damu. Mbuzi anakonda si kwa kukosa majani tu, bali kwa sababu muda wa kula anautumia kujikuna. Ukiachwa, ndama wanakufa, na hata mkubwa aliyepona ngozi yake inashuka thamani kwa mchuuzi.

Kule Bahi niliwahi kukaribishwa nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa na ndama wa mbuzi aliyeachwa na mama yake. Alikuwa akimlisha maziwa kwa chupa, amemlaza kwenye mkono wa kushoto kama mtoto. Tulipomaliza kupeana "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nikaona mkono ule wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo, umejaa vipele vidogo vyekundu. Wa kulia ulikuwa laini kabisa. Pua ya ndama ilikuwa na ukoko mweupe uliokauka na maziwa. Sikuhitaji kuuliza swali lingine. Bibi alikuwa amekwishapaka majani ya mwarobaini kwa wiki tatu, kwenye mkono wake tu.

Ukurutu wa mbuzi hapa kwetu hukolea kiangazi kinapokaza, Agosti hadi Novemba, malisho yanapoisha na miili kudhoofika. Na usiku kundi zima linabanana kwenye boma moja, ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mmoja anatosha kuwapa wote. Kondoo, ng'ombe, punda na ngamia nao hupata magonjwa ya jamii hii, ingawa si kila ukurutu wa mnyama unahamia kwa mtu.

Na nguruwe?

Nguruwe ni wa kuangaliwa sana. Magamba hukaa ndani ya masikio, na nguruwe mzima anaweza kuonekana hana neno huku masikio yake yakiwa ghala la wadudu. Anayesafisha banda, anayemshika kwa kuhasi na anayemchinja ndio wanaowashwa. Ukiwa na nguruwe jike mwenye mimba, mtibu kabla hajazaa, maana watoto wanaupata wanaponyonya.

Kuku wetu wanalala jikoni na sisi tunaumwa usiku. Ni upele?

Hapana, huo ni utitiri wa kuku, mdudu mwingine kabisa. Hauchimbi ngozi. Ule mwekundu, Dermanyssus gallinae, mchana unajificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya fito wanapolala kuku na ndani ya viota. Usiku unatoka, unanyonya damu ya kuku, kisha unarudi ufani. Kuku wakiondolewa, wakiuzwa au wakifa kwa kideri, utitiri unabaki na njaa, na hapo ndipo unapopanda kitandani. Ndiyo sababu familia nyingi zinasema, "tulipouza kuku ndipo mateso yalipoanza." Hawakosei. Utitiri huu unaweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Kuuona ni rahisi kuliko mdudu wa upele. Saa tatu usiku funga kitambaa cheupe kwenye fito ya kuku, rudi baada ya saa moja na tochi. Utaona nukta zinazotembea, nyingine za kijivu, zilizoshiba nyekundu. Ukizikandamiza zinaacha doa la damu.

Usijipake dawa ya upele kwa ajili ya utitiri wa kuku, unapoteza fedha. Kazi iko kwenye banda. Choma nyasi za viota, toa fito zote nje ukazimwagie maji yanayochemka, ziba nyufa kwa udongo au chokaa, nyunyizia kuku na banda unga wa dawa ya kuku kutoka duka la pembejeo kwa kufuata maelekezo, kisha rudia baada ya wiki moja kwa sababu mayai yalikuwa bado hayajaanguliwa. Na kama una uwezo wa kujenga banda hata dogo la miti mbali na chumba cha kulala, lijenge. Najua kwa nini watu wanalala na kuku: kicheche na wezi. Hata hivyo mtoto asilale chini ya fito.

Kuna na tatizo la miguu ya kuku kuota magamba makubwa meupe. Nalo ni la utitiri, ila huo hauwahamii watu. Chovya miguu kwenye mafuta ya kupikia au paka mafuta ya mgando mara kwa mara mpaka magamba yaachie, bila kuyabandua kwa nguvu.

Paka na sungura je?

Paka ana ukurutu wake unaoanzia masikioni na usoni, na mtu akimpakata huwashwa kwa muda kisha inaisha paka akitibiwa. Sungura, paka na mbwa wanaweza pia kuwa na utitiri unaoonekana kama mba inayotembea mgongoni; unauma mikono na kifua cha anayewabeba.

Mbwa mdogo anayenyonyoka usoni bila kujikuna sana anaweza kuwa na utitiri mwingine, demodeksi, ambao anarithishwa na mama yake anaponyonya. Huo hauambukizi watu. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwenye hadubini ili kutofautisha.

Nitatofautishaje na papasi, kunguni au funza?

Kunguni huuma kwa mistari na unawaona kwenye mishono ya godoro. Funza unamwona kwenye kidole cha mguu, kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Papasi naomba uniache niseme zaidi kidogo. Huyu ni kupe laini anayeishi kwenye vumbi la sakafu na nyufa za kuta za nyumba za udongo, hasa tembe, na anauma usiku. Mvumi na vijiji vya jirani vinaijua homa ya papasi tangu zamani: homa kali inayopanda, inashuka baada ya siku chache mtu akadhani amepona, kisha inarudi. Ni hatari kwa mjamzito na mimba yake. Kwa hiyo muwasho pamoja na homa inayokuja na kuondoka usiuhesabu kama upele. Nenda zahanati, mwambie mganga unalala sakafu ya udongo, na uombe damu yako itazamwe kwenye hadubini.

Dawa gani inatibu mtu mwenye upele wa binadamu?

Zipo nzuri na hazina siri. Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, usiku, inakaa saa 8 hadi 14, kisha unaoga. Unarudia baada ya siku 7. Dawa ya maji ya benzili benzoeti ya asilimia 25, ile inayoitwa BBE madukani, ni ya bei nafuu zaidi. Inachoma ngozi yenye michubuko, na kwa watoto inapunguzwa nguvu kwa kuchanganywa na maji kwa kipimo atakachokupa mganga. Mafuta ya salfa yananuka lakini yanawafaa wachanga na wajawazito. Ivemektini ya vidonge hutolewa kwa uzito, mara mbili, na haipewi mjamzito wala mtoto aliye chini ya kilo 15.

Watu wanakosea mahali pamoja: wanapaka panapowasha tu. Dawa iende kila mahali, chini ya kucha, kati ya vidole vya miguu, nyuma ya magoti, kitovuni, mgongoni ambako huwezi kufika mpaka mtu akusaidie. Ukinawa mikono kabla ya saa kutimia, paka tena mikononi. Kata kucha kwanza. Na wote wanaolala nyumba hiyo wapake usiku uleule, hata asiyewashwa, kwa sababu ya zile wiki 4 hadi 6 nilizozisema.

Tafadhali jihadharini na vile vitubu vya krimu vinavyouzwa kama dawa ya kila kitu: fangasi, chunusi, muwasho. Vingi vina steroidi. Muwasho unatulia, mtu anafurahi, na chini ya ngozi wadudu wanaongezeka kwa raha.

Kama umetoka kwa mnyama nahitaji dawa hizo?

Mara nyingi huhitaji zaidi ya kutibu mnyama, kuoga, kubadili nguo na kupaka losheni ya kalamaini au kumeza dawa ya mzio ili ulale. Inaisha ndani ya siku chache hadi wiki 3 hivi. Kama muwasho unaendelea na mnyama amekwishapona, rudi kwenye swali la tatu hapo juu na uanze upya kuhesabu watu.

Naweza kujipaka dawa ya josho, au kuchoma sindano ile ya ng'ombe?

Usifanye hivyo. Nimeona mtoto aliyeogeshwa dawa ya kuogeshea ng'ombe analetwa amelegea, mapigo ya moyo yako chini. Dawa nyingi za josho zina amitrazi au sumu za jamii ya oganofosfeti. Zinapita kwenye ngozi iliyochubuka na kuingia mwilini. Sindano ya ivemektini ya mifugo imetengenezwa kwa kipimo na mchanganyiko wa mifugo. Ya binadamu ipo, iko kwenye vidonge, ifuateni.

Nayo oili chafu ya gari kwa mbwa, tuiache. Mbwa anailamba, inamdhuru tumbo na ini, na inaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Inaonekana kama imesaidia kwa sababu manyoya yamelala na magamba yamelowana.

Nimtibu vipi mnyama?

Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, ivemektini ya asilimia 1 inachomwa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mbuzi wa kilo 25 anapata nusu mililita, basi. Nguruwe anapata mililita 1 kwa kilo 33. Rudia baada ya siku 14, kwa sababu dawa haiui mayai. Wachome wote walio kwenye boma siku hiyohiyo, pamoja na wanaoonekana wazima. Ukimwacha mmoja umewaacha wote. Wenye ukoko mzito waoshwe kwanza kwa maji na sabuni ili ukoko ulainike.

Mbwa usimchome kwa kukadiria. Wapo wa damu ya mbwa wachungaji wa Ulaya ambao ivemektini inawaua, na mchanganyiko wao umeenea mjini bila mtu kujua. Mwite daktari wa mifugo. Zipo dawa nyingine za mbwa, na akiwa hapo amchanje pia dhidi ya kichaa cha mbwa. Punda naye asichomwe sindano ya ng'ombe.

Maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa?

Kula nyama hakuambukizi upele. Hofu iko kwenye masalia ya dawa. Kila chupa ina maandishi ya siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na kwa ivemektini ya sindano ni wiki kadhaa. Mnyama anayekamuliwa maziwa ya kunywa usimchome kabla ya kuzungumza na mtaalamu.

Maji ni shida. Nitafuaje mablanketi ya nyumba nzima?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu, na ni la haki kabisa. Mtu anayechota maji korongoni au kununua madumu hawezi kuambiwa afue kila kitu kwa maji ya moto.

Mdudu wa upele akitoka kwenye ngozi anaishi siku 2 au 3 tu, na ukavu unamfupishia zaidi. Kwa hiyo si lazima ufue. Zile nguo, mashuka na kanga zilizotumika siku 3 zilizopita ziweke kwenye mfuko wa nailoni au salfeti, funga mdomo, weka kando siku 4 kamili bila kufungua. Mablanketi na magodoro yatandaze juani tangu asubuhi mpaka jioni, uyageuze mchana. Jua la kiangazi cha Dodoma litakusaidia bure. Maji kidogo uliyonayo tumia kwa kuoga kabla ya dawa na kufua nguo za siku hiyo.

Gunia au matambara anayolalia mbwa yachome moto. Samadi ya boma iondolewe, na kama una boma la pili, hamishia mbuzi huko wiki moja.

Si uchafu huu? Majirani wanatucheka.

Si uchafu. Mdudu huyu anahama ngozi kwa ngozi, na sabuni haimtoi kwenye njia aliyochimba. Anayeoga mara mbili kwa siku anaupata sawasawa na anayeoga mara moja kwa wiki.

Mwaka 1687 daktari wa Kiitalia Giovanni Cosimo Bonomo, pamoja na mfamasia Diacinto Cestoni, walimtoa mdudu kwenye ngozi ya mgonjwa, wakamchora na kuandika kwamba yeye ndiye chanzo cha upele. Walikuwa wamepatia, lakini waganga wengi waliendelea kwa karne nzima na zaidi kusema upele ni damu chafu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kenneth Mellanby alifanya majaribio na watu waliojitolea mjini Sheffield, Uingereza, akiwalaza kwenye mablanketi ya askari wenye upele. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Kulala pamoja ngozi kwa ngozi ndiko kulikoambukiza.

Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika ya nchi za joto mwaka 2017, na linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 200 wanao kwa wakati wowote. Mtoto aliyekaa peke yake kwenye dawati kwa sababu ya upele anaonewa. Mwalimu akiona wawili watatu darasani, awaite wazazi wote kwa siku moja.

Nikinunua mbuzi mnadani nifanye nini?

Msalato Jumamosi watu wanaangalia meno, wanapima mgongo kwa kiganja, wanainua mkia. Ongeza jambo moja: funua sikio kwa ndani na uangalie pua kwa karibu. Akiwa na magamba, mwache hata bei ikiwa nzuri. Uliyemnunua mweke peke yake wiki 3 kabla ya kumchanganya na kundi, na mwenye kumlisha anawe mikono mpaka viwiko.

Ni lini niende kituo cha afya haraka?

Vipele vikitoa usaha, vikivimba na kuuma. Bakteria huingia kupitia mikwaruzo, na kwa watoto wanaweza kufika kwenye figo. Ukiona uso wa mtoto umevimba asubuhi au mkojo una rangi ya chai ya rangi, usisubiri kesho. Nenda pia kama mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu kwa VVU au sababu nyingine, ameota ukoko mzito mikononi na kwenye viwiko hata kama hawashwi sana. Huo ni upele wa ukoko. Mtu mmoja anaweza kuwa na maelfu ya wadudu, hata mamilioni, akaambukiza wodi au bweni zima, na hatibiki kwa chupa moja ya BBE nyumbani.

Tumetibiwa wote, mbwa amepona, bado nawashwa. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Mabaki ya wadudu waliokufa yanabaki ndani ya ngozi mpaka ngozi ijivue yenyewe, na muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata kama hakuna mdudu aliye hai. Usijipake dawa kila siku kwa hofu. Pemethrini na BBE zikizidi zinakausha ngozi na kuleta muwasho wake zenyewe. Paka mafuta ya kawaida, kata kucha, na kila siku chache mulika mikono kwa tochi. Vipele vya zamani vinavyofifia ni dalili njema. Vikitoka vipya baada ya wiki 4, au ukiona mstari mpya katikati ya vidole, rudi kwa mganga, na siku hiyohiyo mgeuze mbwa juani umwangalie masikio.